Samli ya Mama Mukhisa

Kitendawili. Nina kifuko cha kijani kibichi, hakina mshono wala kifungo, na mpishi akikipasua wageni watalala njaa. Wajukuu zangu, msinitazame hivyo. Kila aliyewahi kuchinja kuku anakijua. Ni nyongo.

Nasimiyu aliijua vizuri. Kila shule ilipofungwa, yeye na mama yake, Agneta, walipanda lori kutoka Kibomet, pale Kitale, wakashukia Misikhu ili kumsaidia mama mkubwa kuvuna mahindi. Mama mkubwa huyo ni Lenah, mke wa kaka yake baba, ambaye watu walimwita Mama Mukhisa. Mgeni hakuketi kwake bila kuchinjiwa kuku, na kazi ya kutoa nyongo ilikuwa ya Nasimiyu.

"Polepole," Lenah alimwambia siku hiyo. "Shika ini, ukate mbali. Ukiipasua tutakula uchungu mpaka Krismasi."

Nyongo ikatoka nzima. Lenah akamkaanga kuku kwa samli ya ng'ombe wake mwenyewe hadi mchuzi ukang'aa. Kibomet hawakuzoea kula hivyo. Hawakuwa na ng'ombe, na mboga zao zilichemshwa kwa chumvi tu. Agneta akala, akaongezwa, akala tena.

Jua lilikuwa halijatua alipojishika chini ya mbavu, upande wa kulia. Maumivu yakapanda mgongoni mpaka begani. Akatapika, akajikunja mkekani huku jasho linamtiririka. Kulipokucha alikuwa mzima, ila amechoka kama mtu aliyelima shamba zima peke yake. Na haikuwa mara ya kwanza. Likizo iliyotangulia maumivu yalikuwa yayo hayo, mahali palepale, baada ya chakula cha Lenah.

Waliporudi Kibomet, habari ikawa imefika bombani kabla ya Nasimiyu.

"Si ungetuletea kuku ya Misikhu tuonje," Peris, mwanafunzi mwenzake, alimwambia huku akikinga maji. "Ama iko na dawa ndani? Ati mama yenu mkubwa analisha watu vitu."

Wasichana wakacheka. Nasimiyu akajitwika debe lake likiwa nusu, akaenda zake.

Nyumbani, baba yake, Eliakim, mpakizi wa magunia katika ghala la reli, alikuwa amekwisha kukata shauri. "Hakuna mtu wa nyumba hii atakayekula tena kwa Mama Mukhisa," alisema. "Na Jumatatu anakuja mzee mmoja kutoka upande wa Suam. Atamchanja mama yako tumboni kwa wembe, akitoe kitu alicholishwa."

Nasimiyu akainamisha kichwa. Lenah ndiye aliyemfundisha kukamua, ndiye aliyemkalisha karibu na moto siku za mvua. Lakini mambo ya wakubwa mtoto hayaingilii.

Lenah naye aliyasikia hayo maneno. Akaja kwa lori na kibuyu cha maziwa lala, akaketi karibu na mlango. Hakuna aliyenyoosha mkono kukipokea kile kibuyu.

"Mama Nasimiyu," alimwambia Agneta, "wengine waseme wanavyotaka. Mimi nakuuliza wewe. Unaamini nilikulisha kitu?"

Agneta akageuza uso wake ukutani. Lenah akangoja. Alingoja mpaka Nasimiyu akaona aibu ya kuendelea kumtazama. Kisha akainuka, akajifunga leso, akaondoka na kibuyu chake kikiwa kimejaa vilevile.

Jumapili, Eliakim akanunua nyama ya nundu kwa mchinjaji, ile yenye mafuta, ili mkewe apate nguvu kabla ya mzee kufika. Nasimiyu akaikaanga. Vyombo vilikuwa havijaoshwa maumivu yalipomshika Agneta, mahali palepale. Safari hii yalikuja na baridi ya homa, meno yakagongana, na kulipokucha hayakuwa yamemwachilia. Nasimiyu alipofungua dirisha, akaona weupe wa macho ya mama yake umegeuka manjano. Akatazama chombo cha haja. Mkojo ulikuwa kama chai ya rangi iliyokolea.

Akamkuta baba yake akifagia uwanja kumngoja mgeni.

"Baba, jana Mama mkubwa hakuwapo."

"Sasa?"

"Nyama ulinunua wewe. Mimi nikapika. Na Mama ameumwa vilevile." Akamsogelea baba yake. "Kule Misikhu ni samli. Jana ni mafuta ya nundu. Mboga zetu hazijamuumiza hata siku moja."

"Siku hizi wewe ndiye unanifundisha?"

"Hapana, Baba. Nenda tu umtazame macho."

Eliakim akauegemeza ufagio, akaingia ndani. Alikaa huko kitambo. Alipotoka sauti yake ilikuwa ndogo. "Kimbia kwa jirani yetu Nyongesa. Mwambie alete mkokoteni."

Mzee wa Suam alipofika alikuta mlango umefungwa.

Hospitalini walipokewa na Festus, dresa, yaani mfunga vidonda, aliyekuwa pia mkalimani wa daktari. Aliuliza maswali mengi. Maumivu hufuata chakula gani? Hupanda begani? Choo kina rangi gani? Agneta aliona haya, akafumba macho. Nasimiyu ndiye aliyejibu. "Siku hizi ni cheupe, kama majivu." Daktari akabonyeza vidole chini ya ubavu wa kulia, akamwambia Agneta avute pumzi. Pumzi ikakatika katikati.

"Umewahi kuona nyongo ya kuku?" Festus akamwuliza Nasimiyu.

"Mimi ndiye huitoa."

"Basi hata mtu anayo, imejibanza chini ya ini. Ni mfuko wa maji machungu yanayosaidia tumbo kusaga mafuta. Kwa watu wengine maji hayo huganda yakawa vijiwe. Mtu akila mafuta, mfuko hujikamua, na kijiwe kikiziba njia, mtu hulia. Haya manjano pamoja na homa ni ishara ya kwamba hakuna nafasi ya kungoja."

Agneta akadungwa sindano mpaka homa ikatulia, ndipo daktari akampasua. Eliakim alikaa kwenye benchi nje ya wadi, kofia mikononi, bila kula. Baadaye Festus akamletea bakuli dogo. Ndani yake mlikuwa na vijiwe vya rangi ya kahawia, vikubwa kama punje za mahindi. Eliakim akavitazama.

"Nani alimlisha hivi?" akauliza polepole.

"Hakuna. Vimeota humo humo mwilini," alisema Festus, maana Nasimiyu alikwisha kumweleza habari ya yule mzee na ya Lenah. "Wembe ungepasua ngozi, na vijiwe vingebaki palepale. Ungemzika mke wako, halafu ungemchukia shemeji yako maisha yako yote. Tumbo likimuuma mtu, uliza amekula nini, usiulize amekula kwa nani. Na macho yakigeuka manjano, mlete siku hiyo hiyo. Huyu mtoto wako alitazama vizuri, na akasema alichokiona. Ndiyo sababu mama yake anapumua."

Eliakim alikwenda Misikhu mwenyewe kumchukua Lenah. Lenah akaja, akasimama miguuni pa kitanda. Hakukubali kuketi. Eliakim akaomba radhi kwa maneno mengi, akiinamisha kichwa mbele ya binti yake.

"Nimesikia, shemeji," Lenah akasema. "Lakini si wewe niliyekuuliza."

Nasimiyu akasogea kwenye benchi la kando ya kitanda, akamwachia nafasi. Safari hii Lenah akaketi. Akaushika mkono wa Agneta uliokonda, akangoja.

Agneta hakugeukia ukuta.

"Niliamini, dada," alisema. "Na si watu wa bombani walioanza. Ni mimi niliyemwambia Baba Nasimiyu kwamba ulinilisha kitu, kabla mtu mwingine hajatamka neno."