Sauti ya Abigaëlle

Brigitte alikuwa anasonga bukari, ugali wa mchana, nyuma ya nyumba yao katika mtaa wa Makomeno, aliposikia binti yake akimwita kutoka chumbani: "Mama, kuya!"

Akaitika, kisha akaduwaa. Abigaëlle alikuwa amechuchumaa hapo hapo kando ya jiko la mbabula, anapulizia makaa.

"Njo weye uliniita?"

Mtoto akatikisa kichwa. Akafungua mdomo ajibu, na mdomoni hakikutoka kitu.

Tangu mchana ule Abigaëlle hakusema tena. Hospitali walimtazama koo, wakaliona zima. Lakini sauti yake ilibaki nyumbani. Iliimba juu ya dari, ilicheka nyuma ya kabati, na kila ilikopita iliacha harufu ya udongo uliofukuliwa sasa hivi. Mtoto mwenyewe aliifuata kwa macho, huku machozi yakimtiririka.

"Ni pepo," mumewe Alphonse alinong'ona. "Tuite Baba Osée."

Baba Osée, kiongozi wa kikundi cha maombi, alikuja alasiri pamoja na majirani. Walishikana mikono sebuleni wakaomba, na kadiri walivyopaza maombi ndivyo ile sauti ilivyolia juu yao, "Mama, banafukuza miye! Mama!", ikikimbia kona hadi kona, mabati yakitetemeka, harufu ya udongo ikiwajaa kooni hata wengine wakatapika, na Brigitte, aliyeshikwa mikono pande zote mbili, akijiambia si mwanawe huyo na bado akitaka kuikimbilia, mpaka mlango ulipofunguka wenyewe, ukajibamiza, na nyumba ikawa kimya.

"Imetoka," Baba Osée alisema, jasho likimdondoka.

Brigitte akapiga magoti mbele ya binti yake. "Sema, mama. Sema hata kitu kidogo."

Abigaëlle akafungua mdomo. Kimya. Baba Osée akainamisha macho, na hapo wote wakaelewa walichokifukuza.

Kesho yake Claudine, jirani wa ukuta mmoja, alikuja mbio akielekeza kidole darini kwake. "Mama Abigaëlle, mutoto yako anaimba mu plafond yangu!"

Wakaomba kwa Claudine, ikahamia kwa jirani wa pili, Kunda. Wakaomba kwa Kunda, ikavuka barabara. Kila ilikohamia, Brigitte alifuata na mwanawe mkononi, akisihi getini: "Musiifukuze, bandugu. Muiache ibakie. Njo sauti ya mutoto wangu." Lakini nani angekubali kulala na kitu kile? Majirani wakaanza kufunga mageti wakimwona. Alphonse naye akaacha kuuliza imefika wapi.

Mwishowe ikaingia nyumba ya pembeni kabisa, kwa Kavugho, mjane aliyekuja kutoka Butembo kuuza vitenge. Huko maombi hayakusikika. Siku zikapita. Brigitte akaenda kubisha hodi.

Kavugho alifungua mlango kidogo tu. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi, na harufu ya udongo ikatoka nzito.

"Yaya, iko hapa?" Brigitte aliuliza kwa sauti ya chini, kama anayesema na dada mkubwa. "Ninaomba tu mutoto aisikie."

Kavugho akaushika mlango. "Miye sikuzaa," alisema. "Na yo inaniita mama."

Kutoka ndani, sauti ya Abigaëlle ikaita kwa furaha: "Mama, ni nani iko ku mulango?"

Abigaëlle akaubana mkono wa mama yake, midomo ikichezacheza. Kavugho akamtazama mtoto, akamtazama Brigitte.

"Hakuna mutu, mwanangu," akajibu, akafunga mlango.