Kiti cha Mbele

Kila Jumapili Priscille huamka mapema, huchota maji, hufagia uwanja, kisha hukimbilia kanisani kuvaa utepe mwekundu wa protokoli. Protokoli ndio huwapokea waumini na kuwaonyesha mahali pa kukaa. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili tu, na utepe ule ulikuwa umeanza kumvimbisha kichwa.

Jumapili moja Koko Pélagie, bibi wa mtaa wao, alifika wa kwanza. Aliketi kwenye kiti cha mbele kama kawaida yake, kandambili zake zikiwa na tope. Misa hiyo ilikuwa ya kumwombea Landry, mwanawe aliyefariki lori lake lilipopinduka kwenye njia ya kwenda Bafwasende. Koko alitaka kusikia jina la mwanawe likisomwa.

Mara gari likasimama nje. Akashuka mkubwa mmoja anayefanya kazi Bangboka, kwenye uwanja wa ndege. Suti yake ilikuwa maridadi, na manukato yake yaliingia kabla yake. Viti vya mbele vilikuwa vimejaa.

"Koko, samahani, kiti hii iko ya wageni," Priscille akanong'ona. "Kaa kule nyuma, karibu na mulango."

"Mutoto wangu, masikio yangu imechoka. Kule nitasikia namna gani?"

"Utasikia tu, Koko. Mikro iko."

Koko akajikongoja hadi nyuma, na mkubwa akaketi.

Padri alisoma jina la Landry huku kipaza sauti kikikwaruza na watoto wachanga wakilia mlangoni. Koko alitega mkono sikioni, akangoja, akangoja. Misa ilipokaribia kwisha aliinuka akatoka. Priscille akamfuata, akamkuta analia.

"Wamesahau mutoto wangu," Koko alisema. "Hata jina yake hawakusoma."

Priscille aliona aibu. Jina lilikuwa limesomwa, na yeye ndiye aliyemnyima Koko kulisikia. Alikimbilia kwa Papa Édouard, kiongozi wa protokoli, akamweleza yote bila kujitetea. Papa Édouard akaenda kumnong'oneza padri kabla ya baraka ya mwisho.

Priscille alimshika Koko mkono, akamrudisha mbele. Yule mgeni akasimama upesi. "Pardon, mama. Sikujua. Kaa."

Padri akasoma tena, kwa sauti kubwa: "Tunamwombea Landry."

"Iko wangu!" Koko akajibu, na kanisa zima likamsikia.

Baadaye Priscille alivua utepe, akampa Papa Édouard. Yeye hakuupokea.

"Bon, sikiliza. Yule papa hakukuomba kiti. Ni wewe ulipima watu kwa viatu. Sisi watu tunatazama nguo, tunaishia pale. Mungu anaanza na ule mwenye kulia. Kama unataka kumutumikia, usiulize nani iko mukubwa. Uliza nani iko na lazima ya kiti."

"Ndiyo, papa."

Jumapili iliyofuata Priscille alikifuta kiti cha mbele, akasimama mlangoni. Magari yalikuja, wakubwa wakashuka, akawasalimu wote kwa heshima. Kiti kilibaki kitupu mpaka Koko alipofika na kandambili zake.