Jeruto na Mtungi wa Kamba Ndefu

Kila asubuhi, kabla ukungu wa Molo haujaondoka, Jeruto alisuka maziwa. Alikuwa ameuning'iniza mtungi kwenye boriti ya jikoni kwa kamba ndefu. Aliusukuma, ukaenda, ukarudi, mpaka siagi itoke.

Siku hizi bega lilimuuma. Alipunguza maziwa nusu, akiamini mtungi mwepesi utakimbia. Haukukimbia. Sasa alisuka mara mbili, na bintiye Cate, wa kidato cha nne, alimsaidia na kuchelewa shule.

Jumamosi mumewe, Kiplangat, alisema, "Cate akae nyumbani muhula huu. Bega likipona, atarudi."

Cate aliinama. Jeruto akaumia moyoni kuliko begani.

Jirani yao, Mwalimu Sue, alikuwa amekuja kuchukua maziwa. Akasikia.

"Mama Cate, hebu suka nikuone."

Mtungi ulipokuja, Jeruto aliukinga kwa mkono, akaurudisha kwa nguvu.

"Ai! Unapigana nao?" Sue akacheka.

"Nisipoupiga utalala, mwalimu."

Sue akachukua viazi viwili, kimoja kikubwa, kimoja kidogo kama yai. Akavifunga kwa nyuzi zenye urefu sawa, akaviachilia. Vikaenda pamoja, vikarudi pamoja.

"Ati kikubwa hakichelewi?" Jeruto akauliza.

"Hakichelewi. Kinachoamua ni urefu wa kamba. Tazama." Akafupisha uzi mmoja. Kiazi chake kikawahi kurudi, tena na tena.

"Kumbe nililaumu maziwa bure!"

"Bure kabisa. Fupisha kamba. Tena usiuzuie mtungi ukija. Ngoja ufike mwisho, uanze kuondoka, ndipo uusindikize kidogo. Kama mtoto kwenye bembea."

"Mambo ya viazi hayo," Kiplangat akanung'unika. Lakini ndiye aliyepanda kiti kufupisha kamba.

Jumatatu Jeruto alijaza kipimo chake cha zamani. Aliacha mtungi uje, utulie kidogo, uanze kurudi. Akaugusa kwa vidole tu. Ukaenda, haraka kuliko zamani. Bega halikulalamika. Baadaye akasikia madonge ya siagi yakigonga ndani.

Cate alikuja akikunja mikono ya sweta. "Mama, zamu yangu?"

"Zamu ya nini?" Kiplangat akamjibu kutoka uani. "Mwalimu Sue amepita sasa hivi akienda shule. Mkimbilie!"

Lango likabamizwa. Jeruto akatabasamu, vidole vyake vikingoja mtungi urudi.