Glavu za Magreth

Wananchi wote wa Mtwara, kuanzia Likombe hadi Mahurunga, wanatangaziwa kwamba penzi kuu kuliko yote ya mwaka huu lilizaliwa mahali patukufu: kaunta ya vifurushi, stendi ya mabasi, kati ya godoro la mtu na ndoo ya samaki wakavu.

Magreth alivaa gauni la njano na glavu nyeupe za lesi zilizofika viwikoni. Frank, karani wa bandarini aliyehamia kutoka Njombe, alimsaidia kuinua katoni.

"Dada, jua lote hili na glavu?"

"Urembo una gharama zake, kaka."

"Sura yako naijua. Kalenda ya kinyozi wangu, mwezi wa nane."

"Wa tisa. Wa nane alikuwa ananuna."

Kwa miaka sita picha zake, ngozi inang'aa na nguo chache, zilining'inia saluni za nchi nzima. Alipofikisha miaka ishirini na minane, wapiga picha wakaacha kumpigia simu. Akarudi kwao Likombe, akaanza kuuza korosho mtandaoni. Wafuasi elfu arobaini walimtazama akizitafuna moja moja, amejipamba. Hawakujua kwamba kila asubuhi alizibangua mwenyewe uani, na mafuta ya maganda yalikuwa yamemchoma vidole hadi vikawa vyeusi. Frank naye hakujua. Miezi mitatu ya mapenzi alimshika mkono kupitia lesi, na kila mara Magreth aliwaza: akiviona, atamsahau mrembo wa kalenda na mimi pamoja naye.

Alhamisi mchana simu iliita.

"Hongera," alisema Frank.

"Ya nini, mpenzi?"

"Mpenzi wako ni huyo anayekuoa. Ndiyo maana ulikuwa unaficha mikono."

Akakata. Magreth alifungua ukurasa wake. Palikuwa na picha ya mikono yake mitupu, na maneno: "Bibi harusi kashapakwa piko." Pongezi mia tatu. Alimpigia Frank mara tisa, hakupokea. Akifafanua, lazima amwonyeshe vidole. Akinyamaza, amempoteza.

Alizivua glavu, akapanda bodaboda hadi geti la bandari.

"Piko hufutika," alimwambia Frank alipotoka, akinyoosha mikono. "Hii haifutiki. Shika."

Frank alishika. Ngozi ilikuwa ngumu, imebanduka kwenye kidole gumba.

"Nini hiki?"

"Korosho. Nazibangua mwenyewe. Mrembo wa Septemba ana vidole vya fundi gereji."

Magreth akaanza kurudisha mikono. Frank hakuiachia.

"Siku mbaya hii. Nimeshinda nikimtafuta mwanaume wa kupigana naye, kumbe ni korosho."

"Unanicheka?"

"Napima kidole. Pete itapita hapo penye kovu?"

"Itapita. Ukiisukuma taratibu."

Jioni Magreth aliuliza nani mwingine anajua neno la siri la ukurasa. Mwandishi wa taarifa hii, mdogo wake aliyekuwa likizo kutoka shule ya bweni, alieleza kwa kirefu kuhusu wadukuzi. Shemeji Frank akaikuza picha. Pembeni ya mikono ya dada aliyelala ilionekana soksi ya shule, yenye mistari ya kijani.

Nakiri. Nilidhani watu watacheka tu, kisha nifute. Nimehukumiwa kubangua debe moja kila siku hadi shule ifunguliwe, na vidole vinavyoandika haya ni vyeusi. Glavu nimeomba. Nimenyimwa.