Mwanya wa Kamba

Haya sikusimuliwa. Mavis alikuwa dada yangu, tumbo moja, na shemeji yangu Lionel bado yu hai. Akitaka kubisha, aje abishe.

Ilikuwa Jumamosi, nimekwenda kwao kunywa chai. Nyumba yao inatazama daraja la waendao kwa miguu, moja ya yale ya zamani ya mfereji wa Stratford yaliyoachwa wazi katikati. Pande mbili za chuma zinakaribiana bila kugusana, na mwanya wenyewe haupitishi zaidi ya vidole viwili. Enzi za mashua za kuvutwa na farasi, farasi alitembea ukingoni, na kamba yake ya kuvutia ilipita humo ili asifunguliwe kila afikapo darajani. Sasa jana yake fimbo ya Lionel ilinasa mwanyani, akaanguka watu wakimwona. Nikamkuta anakoroga saruji.

"Bibi Keziah kasema auache," Mavis alininong'oneza. Keziah alizaliwa mashuani, na uzee wake wote yumo mashuani, hapo hapo kando ya daraja.

"Mavis, chai," Lionel akaita. Dada yangu akaenda mbio. Miaka thelathini na sita ya ndoa ni Mavis njoo, Mavis simama, Mavis geuka. Nami nilikuwa nikicheka, Mungu anisamehe.

Keziah akachomoza kichwa mlangoni mwa mashua yake. "Mzee, huo mwanya una wenyewe."

"Bibi, farasi wa mwisho hapa alikufa mimi sijaota ndevu. Hao wenyewe wako wapi?"

Akauziba, akalainisha kwa mwiko, akatuita tumsifu. Mavis akamsifu.

Nilibaki kwao. Jumapili tulikuwa nje baada ya chakula, jua jeupe. Tukasikia kwato. Farasi hayupo. Maji yakagawanyika kama mashua inapita, na mashua haipo. Kwato zikatupita, zikapita ubavuni mwa daraja. Kitu kikakwama kwenye saruji. Kikakaza. Kikalia. Kisha kishindo majini, na mlio wa mnyama anayezama. Hakufa upesi.

Lionel alikuwa wa kwanza kuketi chini.

"Umewaulia farasi," Keziah alisema kwa sauti ya chini. "Watataka mwingine."

Jumatatu Mavis alikuwa anaosha vyombo. Akaweka sahani. Akainama mbele, kifua kikitangulia, akatoka. Alishika njia ile ile ya farasi, kandokando ya mfereji, hatua moja, hatua moja, mishipa ya shingo imemsimama. Nyuma yake maji yalikuwa yanagawanyika.

"Mavis, simama," Lionel alisema.

Kwa mara ya kwanza hakumsikia. Lionel akamkumbatia kiunoni ili amzuie, akaburutwa hadi magoti yakachubuka.

Jioni Mavis alirudi ameloa jasho, akalala amesimama. Kesho yake tukafunga mlango kwa komeo. Akaupasua kwa kifua. Tukaita daktari, akampa dawa ya usingizi, naye akatembea amelala.

Lionel alichukua nyundo akaivunja saruji yote, vidole vinavuja damu. Mwanya ukawa wazi kama zamani. Mavis akapita ubavuni mwa daraja, wala hakugeuza macho.

Ndipo shemeji yangu, mtu asiyejua kuomba, akapiga magoti mbele ya mashua ya Keziah. "Bibi, waambie wanichukue mimi. Mke wangu anakufa."

"Wewe wakufanyie nini? Hujawahi kuvuta," Keziah akamnong'oneza. "Wao wanataka aliyekwisha kuzoezwa."

Lionel alilia hapo mpaka Keziah akafunga dirisha lake.

Wiki ya tatu tulimkuta Mavis amepiga magoti njiani, uso ukitazama mbele. Alikuwa amekufa, na magoti yalikataa kunyooka.

Nikaenda kumvalisha. Bwana Pargeter, mwandaaji wa maiti, alifunga mlango kwanza, kisha akafunua shuka. Mabega yalikuwa na sugu nene, ngumu, isiyo na kinyweleo. Pembe za mdomo zilikuwa zimechanika na kupona, zimechanika na kupona. Akanionyesha nyayo. Kila unyayo ulikuwa na matundu saba ya misumari, kama ya kiatu cha farasi, makavu, kingo zake laini.

"Hizi si alama za wiki tatu," alininong'oneza. "Hizi ni za miaka. Dada yako alikuwa anafanya kazi gani?"

Nilimfunika miguu kwanza.

"Alikuwa mke wa Lionel," nikamwambia.