Futi Iliyoanzia Mbili

"Hivi bomba tupu, ambalo hata maji halipitishi, ndilo limewafanya watoto hawa wasisalimiane?"

Swali hilo aliliuliza jirani, msusi wa nywele, huku amebana kitana kwa meno. Kiti chake cha kusukia kilikaa ukuta mmoja na mlango wa fundi cherehani, kwa hiyo hapakuwa na neno la nyumba ile lililompita. Siku hiyo hakujibiwa. Mtu anayetaka jibu na aanzie Jumatatu asubuhi.

Jumatatu hiyo ilianza kama siku nyingine. Binti wa fundi cherehani aliamka, akafagia vipande vya vitambaa chini ya cherehani, akatandika kitanda, akapiga viatu rangi. Alikuwa na miaka kumi na mitatu. Majirani walimwita Kipimo, kwa sababu alipima kila kitu: mkia wa paka, upana wa mlango, hata kina cha ndoo. Mama yake, mjane tangu Kipimo akiwa wa kubebwa mgongoni, alikaa kwenye cherehani, akafumba macho, akamwomba Mungu mkono wake usiteleze. Ndipo akaivaa futi yake shingoni.

Futi hiyo ya kitambaa ilikuwa na kilema. Zamani ncha yake iliunguzwa na pasi, mama akakikata kipande kilichoungua na kukitupa. Tangu hapo futi haikuanzia sufuri, ilianzia mbili. Ukitaka sentimita thelathini za kweli, lazima usome thelathini na mbili. Sheria ya nyumba ilikuwa fupi: "Ongeza mbili." Mama aliisema mara nyingi hata msusi akaifanya mzaha. Ukimwambia utarudi saa kumi, anakujibu, "Wewe ninakujua, ongeza mbili!"

"Mama, kwa nini usinunue nyingine?" Kipimo aliwahi kumwuliza.

"Kilema ninachokijua hakinisumbui," mama alimjibu. "Ila isitoke humu ndani. Watu wa nje hawakijui."

Kipimo aliyasikia hayo kwa sikio moja. Shuleni alikuwa katika timu ya roboti, na yeye ndiye mpimaji. Rula ya chuma ya timu ilikaa kabatini, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwa mwalimu wa sayansi. Kipimo alitamani sana awe na futi shingoni kama fundi wa kweli. Mama alipoitundika futi na kwenda mjini kutwa kununua uzi, Kipimo aliichomoa kwenye msumari, akaikunja, akaitia mfukoni. "Nitairudisha kabla hajaona," alijiambia. Mtu akishajiambia hivyo, ujue ameshaanza kukosa.

Roboti yao ilikuwa na kazi moja: kukusanya mipira sakafuni na kuitia kapuni. Mdomoni mwake ilizunguka rola, bomba lililovikwa mpira, ili ivute mipira ndani. Lakini rola yao ilikuwa ya chuma. Walipoiweka roboti kwenye mizani, ilizidi uzito unaoruhusiwa kwa karibu nusu kilo. Mashindano yalikuwa Ijumaa, na roboti iliyozidi uzito hairuhusiwi hata kuingia ukumbini.

Aliyewaokoa ni fundi baiskeli wa njia panda. Saa tisa alasiri aliingia karakana ya shule na bomba jeusi lililokuwa limeshikilia kiti cha baiskeli ya mashindano. Baiskeli yenyewe ilishavunjika.

"Shika," alimwambia Shoto.

Shoto alikuwa rafiki wa Kipimo tangu darasa la kwanza. Aliitwa hivyo kwa sababu alitumia mkono wa kushoto kwa kila kitu, na mkono huo ndio uliokata na kufunga karibu kila kipande cha roboti ile. Alilipokea bomba, nusura alirushe juu.

"Ala! Limetengenezwa kwa hewa?"

"Ni nyuzi za kaboni. Zimefumwa kama kitambaa, zikagandishwa kwa gundi. Sasa nisikilizeni. Mkikata, fungeni pua na mdomo, na mlimwagie maji, maana vumbi lake ni baya kwa mapafu. Na likishakatwa limekatwa, haliungwi kwa moto kama chuma. Kwangu ninalo hilo moja tu. La pili ni maziwa ya kuku." Akaondoka.

Mwalimu alikuwa kikaoni na ufunguo wake. Wangeweza kumngoja. Lakini Kipimo aliitoa futi mfukoni, akaivaa shingoni kwa madaha.

"Haya, fundi mkuu!" Shoto akacheka. "Tunataka ngapi?"

"Thelathini na nne kamili."

Kipimo aliweka ncha ya futi mwanzoni mwa bomba, akaivuta, akasoma thelathini na nne, akatia alama ya chaki. Hakuongeza mbili. Sifa zilikuwa zimemjaa kichwani, zile mbili zikakosa pa kukaa. Wakafunga vitambaa puani na mdomoni. Shoto akalibana bomba kati ya vibao viwili, akakata polepole kwa msumeno, Kipimo akimwagia maji. Maji meusi yakatiririka mezani, yakaifuta chaki, yakailowesha na futi iliyoning'inia.

Walipolipeleka bomba kwenye mdomo wa roboti likapita katikati bila kugusa ukuta wa pili, likadondoka chini. Pwa!

Shoto aliliokota, akajaribu tena. Halikufika. Kipimo akaitazama ncha ya futi, akaona imeandikwa mbili. Alielewa pale pale. Akaivua futi haraka, akaisokomeza mfukoni.

Na pale pale mwalimu akaingia. Alifungua kabati, akapima kwa rula ya chuma.

"Thelathini na mbili! Nani amekata?"

"Mimi, Mwalimu," alisema Shoto.

"Kwa mkono gani?"

"Wa kushoto."

"Nilijua! Mara ngapi nimekwambia mkono huo utatuponza? Kipimo, wewe ulipima ngapi?"

Njia ya ukweli ilikuwa bado wazi, pana kama mlango wa karakana. Kipimo akaikwepa.

"Thelathini na nne, Mwalimu. Labda msumeno ulihama."

Shoto alimgeukia taratibu. "Msumeno ulihama sentimita mbili? Ulikuwa na miguu?"

"Mimi nilipima vizuri," alisema Kipimo, akitazama chini.

"Basi!" mwalimu akafoka. "Tuna bomba moja tu, na umeliharibu. Vua aproni. Timu hii haikuhitaji tena."

Shoto aliivua aproni, akaitupa mezani. Macho yake yalikuwa makavu na makali. Hakumtazama mwalimu. Alimtazama Kipimo, mpaka Kipimo akajifanya anafuta meza.

Jioni hiyo Kipimo aliirudisha futi kwenye msumari kabla mama hajarudi na uzi wake. Jumanne asubuhi Shoto alipita mlangoni pao. Kila siku aligonga, "Hodi, mpimaji!" Siku hiyo alipita kama anayepita mbele ya ukuta. Hapo ndipo msusi, aliyekuwa ameshasikia habari ya bomba kwa watoto wa shule, alipouliza lile swali lake. Kipimo akajitwisha begi, akaenda shule akiwa amevimba. Alimkasirikia Shoto kwa kumtazama vile, akamkasirikia mwalimu kwa kufoka, akaikasirikia na futi. Hasira yake ilizunguka mji mzima ikitafuta mkosaji, nyumbani kwake haikubisha hodi.

Mama aliliona lile begi lilivyotupwa mgongoni, na uji uliobaki kikombeni. Alishinda akipiga pasi na kushona vifungo, hakuigusa futi hadi saa kumi, alipokuja mteja wa shati jeupe. Mama alimzungushia futi shingoni. Alipoiondoa, kola iliyokuwa nyeupe ilikuwa na mstari mweusi. Akaisugua futi kwa kidole. Vumbi jeusi, lenye chenga. Si masizi, si mafuta ya cherehani.

Mteja alipoondoka, mama aliiweka futi mezani mbele ya binti yake aliyekuwa ndiyo kwanza ametoka shule bila kupita karakana.

"Hii imetembea wapi?"

"Sijui, Mama."

"Mimi nimekuuliza wewe, sijaiuliza futi."

Kipimo akalipuka. Maneno yalimtoka kama mbaazi kutoka gunia lililotoboka: bomba, chaki, rula kabatini, Shoto kufukuzwa. Mwisho akapiga kelele, "Na yote ni futi yako mbovu! Kama ungenunua nyingine mimi nisingeharibikiwa!"

Kwenye kiti cha kusukia, mikono ya msusi ilisimama kichwani mwa mteja.

Mama alinyanyuka. Hakuinua mkono wala sauti, lakini midomo yake ilikuwa imekaza kama pindo lililoshonwa mara mbili. "Futi mbovu," alirudia. "Na mdomo uliosema 'nilipima vizuri,' huo nao nimeuunguza na pasi? Vaa viatu."

Walipita kwanza nyumbani kwa kina Shoto. Walimkuta anajaza ndoo uani.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Nifuate shuleni."

"Kwenye timu ya huko mimi nimefukuzwa, Mama."

"Ndiyo maana nimekuja mwenyewe kukuchukua."

Shoto alifunga bomba la maji, akafuata. Njia nzima alitembea upande wa mama, Kipimo akiwa nyuma peke yake.

Karakanani walimkuta mwalimu na wanatimu wengine wakiisugua rola ya chuma kwa tupa ili wapunguze uzito. Jasho linawatoka, mizani haibadiliki.

"Sema," mama alimwambia bintiye.

Kipimo alisema. "Futi ilianzia mbili. Nilijua, nikasahau. Bomba lilipodondoka nilikumbuka. Nikanyamaza. Shoto alikata palepale nilipoweka alama."

Mwalimu akaiweka tupa mezani.

"Mwalimu," mama alisema, "nisamehe, mimi ni mtu wa cherehani tu, shule yangu iliishia ya msingi. Lakini ningemwuliza mkataji kama ulivyomwuliza mpimaji. Mkono wa kushoto haukukosa. Ulikosewa."

Mwalimu aliinamisha kichwa. "Ni kweli, Mama. Nilifoka kabla sijauliza." Akamgeukia Shoto. "Nimekukosea. Na ule mkono wako nimeukosea zaidi. Timu inakuhitaji."

Shoto alilichukua lile bomba, akachungulia ndani yake kama anayechungulia shimo la panya. Kisha akauendea ufagio uliosimama kwenye pembe, akaujaribu mpini wake kwenye tundu la bomba. Ulikuwa mnene kidogo tu.

"Kisu," alisema.

Alikata vipande viwili vya mpini. Akavichonga mpaka nusu ya kila kipande ikaingia ndani ya bomba kwa kubana.

"Mpimaji," aliita bila kumtazama. "Kila upande vibaki nje ngapi?"

Kipimo alisogea na rula ya chuma. "Sentimita moja."

"Sikusikia. Na wale pale hawakusikia."

"Sentimita moja! Kila upande moja!"

"Rula hiyo inaanzia ngapi?"

Mwanatimu mmoja akaguna, akajizuia kucheka. "Sufuri," Kipimo alijibu.

Wakapaka gundi, wakasubiri ikauke, mama amekaa kwenye benchi mikono mapajani. Shoto akakazia kwenye ule mti skrubu za ekseli, chuma kinachoizungusha rola. Walipolipima bomba zima lilikuwa thelathini na nne kamili. Walilivika mpira, wakalifunga, wakaipandisha roboti kwenye mizani: chini ya kikomo kwa gramu tisini. Mwalimu akabonyeza swichi. Rola ikalia vuuu, mpira wa kwanza ukamezwa, wa pili, wa tatu. Wanatimu wakashangilia, mmoja akaubusu ufagio usio na mpini.

Shoto hakushangilia. Kipimo naye hakushangilia.

Mama alisimama, akaitoa futi shingoni kwake, akamwekea bintiye mkononi.

"Futi hii ina upungufu, na sisi wote nyumbani tunaujua. Miaka yote hii haijamharibia mteja hata suruali moja, kwa sababu upungufu wake uko wazi. Wewe jana ulipungukiwa mara moja tu, kwa kusahau, na Mungu anajua binadamu husahau. Lakini ukaufunika. Kosa lililofunikwa, mwanangu, humkata mtu mwingine. Bomba limepata mti wa kulirefusha. Ulichomkata mwenzako hakiungwi kwa gundi ya siku moja. Utakuwa unakirefusha kila siku, kwa ukweli, mpaka kifike."

Kipimo alilia. Akaichukua ile aproni iliyotupwa mezani, akaikung'uta vumbi, akampelekea Shoto kwa mikono miwili.

"Nisamehe, Shoto. Nilikusingizia."

Shoto aliitazama aproni. Akaitazama roboti. Mwalimu akauliza taratibu, "Ijumaa utaiendesha wewe?"

"Nitaiendesha," alisema Shoto. "Nimeitengeneza mimi."

Aliichukua aproni kwa mkono wa kushoto, akaikunja mara mbili, akaibana kwapani. Kipimo bado alikuwa amenyoosha mikono. Shoto akampita, akafungua mlango wa karakana, akatoka.