Macho ya Injera

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Wubit alikuwa na kazi tatu: kuteka maji, kufagia ua, na kumnawisha mdogo wake, Ashenafi, mwenye umri wa miaka sita. Zamani kazi ya tatu ndiyo aliyoipenda kuliko zote. Siku hizi aliiogopa. Alichungulia kwanza kuona kama mama yao alikuwa karibu, kisha akachomoa pamba iliyokuwa ndani ya sikio la kushoto la mtoto. Pamba ilikuwa ya manjano na ilinuka. Akaitupa motoni upesi, akaziba sikio kwa pamba nyingine safi.

"Dada, leo linauma hata nikitafuna," Ashenafi alisema.

"Nyamaza! Tuliahidiana nini?"

"Nisiseme kwa mama," mtoto alijibu, macho yake chini.

Mambo hayo yalianza wiki tatu nyuma, siku za mfungo kabla ya Fasika, yaani Pasaka. Walikuwa wamekaa nje ya nyumba yao pale Gorgora, wakitafuna kolo, yaani shayiri na dengu zilizokaangwa. Ashenafi, kwa utundu wake, akatumbukiza dengu moja sikioni ili aone kama itatokea upande wa pili. Haikutokea. Wubit angeweza kumwita mama. Badala yake akaichukua sindano nene yenye mpini wa pembe, ambayo mama alisukia vikapu vya kuwekea mikate ya injera, na ambayo Wubit alikwishakatazwa mara mia asiiguse. Akachokoa. Ashenafi akapiga ukelele. Dengu ilitoka, na damu ikaifuata.

Wubit aliifuta sindano kwenye gauni lake, akairudisha mahali pake, akampa mdogo wake kolo zote zilizobaki ili anyamaze. Siku ya nne sikio likaanza kutoa maji mazito. Ndipo ilipoanza kazi ya pamba.

Jumamosi baada ya Fasika, Ashenafi aliamka na homa. Upande wa kushoto wa kichwa ulikuwa umevimba. Mama alimwita jirani, Etiye Tringo, mama mzee ambaye mtaa mzima ulimwendea kwa ushauri. Etiye Tringo aliweka mikono kiunoni, akatazama mara moja tu.

"Joro degif hiyo!" alisema. "Itakuwa nini tena? Nipe masizi ya chungu."

Joro degif maana yake ni mshika-sikio. Ndivyo watu wa Gorgora wanavyoyaita matubwitubwi, kwa sababu uvimbe wake hulinyanyua sikio kama mkono unaolishika. Etiye Tringo akampaka mtoto masizi kuanzia shavuni hadi shingoni.

Wubit aliposikia ni joro degif, alishusha pumzi. Basi si yeye! Lakini furaha ile haikukaa hata kidogo. Alijua pamba zilivyokuwa zikinuka.

Nje, watoto wa jirani walimwona Ashenafi mlangoni wakaanza kumwimbia:

"Shavu jeusi, sufuria,
lini utatupikia?"

Siku nyingine Ashenafi angewarushia kokoto na tusi juu. Siku hiyo aliinamisha kichwa tu, akarudi ndani kulala juu ya ngozi ya kondoo. Wubit aliona afadhali angelia.

Jumatatu, Mwalimu Desalegn aliingia darasani amekumbatia fuvu la ng'ombe aliyechinjwa mtaani kwake siku ya Fasika. Darasa likacheka.

"Mwalimu, nyama iko wapi?" aliuliza Getnet, mchekeshaji wa darasa.

"Nyama nimekula mimi. Wewe nimekuletea elimu," mwalimu alijibu. "Sikio mnaloliona usoni mwa mtu ni mlango tu. Ndani kuna njia nyembamba, na mwisho wa njia kuna ngozi laini kama ganda la kitunguu, imekazwa kama ngoma. Nyuma ya ngoma kuna vifupa vitatu vidogo vinavyopokezana sauti. Kimoja chafanana na nyundo, cha pili na fuawe, cha tatu na kikuku cha kupandia farasi. Hicho cha tatu, kwa mtu, ni kidogo kuliko punje ya mchele."

Kisha akaonyesha mfupa aliokuwa ameukata kwa msumeno. "Huu ni mfupa wa sikio. Wa kwenu mnaweza kuugusa nyuma ya sikio. Mnaona nini ndani yake?"

"Injera!" Getnet akadakia. Wote wakaangua kicheko.

"Leo umesema la maana. Injera ina macho, vile vitundu vya juu yake, na mfupa wa nyuma ya sikio la mtu una macho kama hayo, vyumba vidogo vya hewa. Uchafu ukipenya kwenye ngoma, huingia jicho moja, ukatambaa hadi la pili, hadi la kumi." Akagonga fuvu kwa kipande cha chaki. "Na jicho la mwisho limepakana na ubongo."

Wubit aligusa nyuma ya sikio lake. Mfupa ulikuwa mgumu.

"Mwalimu," aliuliza, "joro degif nayo huingia humo?"

"Hapana. Hiyo huvimba hapa, chini ya sikio na shavuni. Ukiona uvimbe uko nyuma, na sikio limesukumwa mbele, na usaha unatoka, usipake masizi. Kimbia hospitali."

"Na kama usaha hauonekani kwa sababu mtu ameuziba kwa pamba?"

"Mjinga gani huyo?" Getnet akasema, na darasa likacheka tena.

Wubit hakucheka. Alisimama, akatoka mbio bila ruhusa, akaacha daftari wazi juu ya dawati.

Alimkuta mama ameketi na kikapu magotini, sindano ile ile mkononi. Wubit alimpita, akaenda kumgeuza Ashenafi. Sikio la mtoto lilikuwa limesimama mbele kama mlango ulioachwa wazi. Nyuma yake palikuwa pekundu, pamevimba, panawaka moto.

"Mama, si joro degif," alisema. "Ni mimi."

Akasema yote: dengu, sindano, damu, pamba. Mama alimsikiliza, na sindano ikamdondoka.

"Tangu lini?"

"Tangu mfungo."

Wubit alingoja kofi. Halikuja. Mama alikwishamfunga Ashenafi mgongoni kwa shuka na alikuwa anaelekea barabarani. "Njoo," alisema bila kugeuka. "Utamweleza daktari kama ulivyonieleza mimi. Usipunguze neno."

Hospitalini, mjini Gondar, Daktari Hirut alimsikiliza Wubit hadi mwisho. Siku hiyo hiyo madaktari walimpa mtoto dawa ya usingizi, wakaufungua mfupa nyuma ya sikio, wakausafisha usaha.

"Ungekaa kimya siku mbili tatu zaidi," daktari alimwambia Wubit, "huenda tusingemwokoa."

Walirudi Gorgora baada ya siku kumi. Ashenafi alikuwa na bandeji kubwa na maneno mengi. Etiye Tringo aliitazama ile bandeji, akatikisa kichwa. "Mimi na masizi yangu!" alisema. "Kumbe niliuona uvimbe, sikulitazama sikio."

Mama aliokota sindano yake, akamketisha Wubit kando yake.

"Mkono wako ulimuumiza ndugu yako kwa dakika moja," alisema. "Kimya chako kimemuumiza wiki tatu. Ukikosea, mwanangu, niambie siku hiyo hiyo. Nitakasirika, ndiyo. Lakini hasira yangu haiozeshi mfupa."

Wubit alilia, na safari hii hakujificha.

"Ashu, njoo tule," alimwita mdogo wake baadaye.

Ashenafi hakugeuka. Sikio la kushoto lilikuwa bado halisikii vizuri. Daktari alisema wasubiri miezi kadhaa. Wubit hakupaza sauti. Aliinuka, akazunguka hadi upande wa kulia, akachuchumaa, akamwambia tena.